Malalamiko Kuhusu Filamu Inayotucheka Wasimamizi wa Muziki

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana si ya kusomwa kwa kusimama. Naomba nafasi gazetini mwako, ikiwezekana ukurasa wa matangazo ya vifo, kwa sababu ninacholalamikia ni msiba.

Mimi ni mstaafu. Nimefanya kazi katika muziki miaka ishirini na miwili, ingawa siimbi, wala sikuwahi kushika chombo. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba wanamuziki wanakubali yale waliyokuwa karibu kuyakataa. Watu waliniita Bwana Taratibu kwa sababu sikuwahi kupandisha sauti. Msaidizi wangu aliitwa Nyundo, naye pia hakupandisha sauti. Mwili wake ulitosha. Gazeti lako, katika kuisifu filamu mpya ya "Mikono Juu, Sauti Juu", limetuita majambazi. Neno hilo silipendi. Sisi tulijiita wasimamizi.

Jumamosi mchana binti yangu, kitinda mimba, alinipeleka kuiona filamu hiyo, zawadi ya kutimiza miaka sabini. Ni filamu ya vichekesho, inahusu wahuni walioteka studio ya muziki. Watu walicheka mpaka bwana aliyekaa mbele yangu akajimwagia bisi. Binti yangu naye alicheka, akanipiga begani, akasema, "Baba, mbona hucheki?" Sikucheka kwa sababu kufikia dakika ya kumi nilikuwa nimeshatambua kwamba yule mhuni mkuu, kibonge mwenye kigugumizi, ni mimi. Mwongozaji wa filamu ni Vidole, aliyekuwa mpiga gitaa wangu. Basi malalamiko yangu ni haya.

1. Katika filamu, wahuni wanaingia studio kwa kupiga mlango teke. Huo ni uzushi. Sisi tulibisha hodi, tukangoja kukaribishwa, na tusipokaribishwa tulibisha tena mpaka bawaba zenyewe zichoke. Studio ile ilikuwa juu ya duka la magodoro, ina zulia jekundu na trei za mayai ukutani za kuzuia mwangwi. Nyundo alikuwa akivua viatu mlangoni kwa heshima ya zulia. Nakiri kwamba soksi zake zilisaidia sana katika mazungumzo. Chumba hakikuwa na dirisha, na wengi walikubali masharti kabla sijamaliza kuyasoma.

2. Filamu inaonyesha mpiga gitaa amefungiwa studio siku tatu, analia, huku mimi nakoroma kwenye kochi. Kufungiwa ni kweli, sikatai. Alikuwa na wimbo wenye beti mbili nzuri sana ambao hauna kiitikio, na alitaka kwenda kwao kumwona mama yake mgonjwa. Nikamwambia, mdogo wangu, mama atapona, lakini kiitikio kikitoroka hakirudi. Lakini kukoroma ni tusi. Mimi pia nilifungiwa humo humo, ufunguo ukiwa kwa Nyundo nje. Tulikula mkate mmoja na maharage ya sufuria moja. Siku ya tatu alipokipata kile kiitikio nililia mpaka shati likalowa. Vidole akaniuliza, "Bwana Taratibu, unalia?" Nikamwambia ni vitunguu. Humo ndani hamkuwa na kitunguu hata kimoja, na yeye alijua. Kwa nini hilo halimo kwenye filamu?

3. Kuna mahali ambapo mtangazaji wa redio ananing'inizwa kwenye paa la kituo, kichwa chini, ili aupige wimbo wetu. Watu walicheka hapo kuliko pengine pote. Ukweli ni kwamba hatukumning'iniza mtu. Nyundo alimbeba yule bwana pamoja na kiti chake, kwa uangalifu, akamsogeza dirishani apate hewa. Basi. Tulikuwa ghorofa ya nne, ni kweli, lakini ghorofa si sisi tuliojenga. Wimbo ukapigwa mara kumi na moja mfululizo. Mara ya kumi na mbili aliupiga kwa hiari yake, tulipokuwa tumeshafika chini kwenye ngazi. Filamu haisemi lolote kuhusu hiyo mara ya kumi na mbili.

4. Jumatatu nilikwenda ofisini kwa Vidole kumweleza haya kistaarabu. Nilifuatana na Nyundo, ambaye sasa ana magoti mabovu. Vidole mwenyewe alishuka ngazi akamshika mkono, akampandisha hatua kwa hatua, akamtafutia kiti chenye mto. Nikamwambia amenifanya kichekesho cha mji. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kaka, ulishawahi kuniuliza kama nilitaka kuumaliza ule wimbo?" Nikamwambia wimbo ulipendwa. Akasema anajua ulipendwa. Akasema mama yake alizikwa siku ya tatu, na kwamba tangu siku ile hajashika gitaa tena, ndiyo maana akajifunza kamera. Nyundo akaanza kuangalia mto wa kiti. Hatukukaa sana baada ya hapo.

Sasa Ndugu Mhariri, wewe ni mtu mwenye akili, hebu pima. Maneno hayo, ukiyatazama vizuri, yananiunga mkono. Alipokuwa na sisi, alitunga. Tangu alipoachana nasi, hajatunga hata mstari. Nani basi alikuwa chanzo cha muziki?

5. Na si yeye peke yake. Tangu tulipostaafu, muziki umekuwa debe tupu. Mpiga ngoma anachelewa mazoezini na hakuna wa kumuuliza. Mwimbaji anaimba nje ya sauti, halafu mashine inamrekebisha. Viitikio vimebaki neno moja, tena neno lenyewe ni jina la mwimbaji. Kisa ni kwamba hakuna anayeogopa. Asiyefunzwa na mwalimu wa muziki zamani alifunzwa na Nyundo. Leo hafunzwi na yeyote.

Kwa hiyo naomba gazeti lako liishinikize serikali itunge sheria, kila bendi yenye watu zaidi ya watatu iwe na msimamizi mmoja aliyesajiliwa. Apewe kitambulisho, sare ya kijivu, likizo ya mwaka na bima ya magoti. Afanyiwe mtihani wa kutambua sauti iliyopinda. Kwaya za shule nazo zianze na wasimamizi wadogo wadogo, wa kukunja uso tu. Filamu ya Vidole isimamishwe, naye atunge wimbo wa kuniomba radhi, wenye beti nne na vina vya kati na vya mwisho. Akikwama kwenye kiitikio, niko tayari kukaa naye.

Nisalimie wote hapo ofisini, kuanzia mpiga chapa hadi mama wa chai, na umwambie mchoraji wenu wa katuni, aliyemchora yule kibonge wa filamu, kwamba sikukasirika.

Wako katika kuupigania muziki wenye nidhamu,
Bwana Taratibu (mstaafu)

Nyongeza: Tafadhali usiichapishe. Nilikuwa nimeshaifunga bahasha binti yangu alipofika nyumbani na bwana mmoja mwenye suti. Kumbe binti ana miezi sita anaimba kwenye ukumbi wa hoteli na hajaniambia. Nilimuuliza mwanangu hali, akajibu yule bwana. Nikamuuliza kama ameshakula, akajibu yule bwana. Simu ya mwanangu ilikuwa kwenye mfuko wa shati la yule bwana. Akanieleza kwa upole kwamba binti hatalala nyumbani mpaka albamu iishe, kisha wakaondoka. Mwanangu hakuniangalia. Nimeifungua tena bahasha, naandika haya kwenye benchi la kituo cha polisi. Nimemwambia afande kwamba yule ni jambazi. Afande ameniuliza nimejuaje, ikiwa hakumpiga mtu, hakuvunja kitu, wala hakutukana. Kalamu yake iko juu ya karatasi, ananingoja niseme.