Siku Kumi za Kuitwa Mwanangu

Jumamosi, 10 Mei

Tumefika saa nne asubuhi. Mji uko bondeni: milima huku, milima kule, mto katikati, na miti ya matunda kila palipobaki nafasi. Jua linawaka kana kwamba limeajiriwa kwa mkataba wa kudumu. Mimi sina mkataba wowote. Wiki tatu zilizopita ofisi ilinipa barua. Haikusema nimefukuzwa. Ilisema nimepunguzwa. Mke wangu hajui. Kila asubuhi navaa tai, nabeba mkoba, naenda kukaa kwenye benchi la bustani ya manispaa hadi saa kumi na moja jioni. Kazi ya kuchosha sana.

Kisha ikaja barua ya baba mkwe. Magoti yake yamekataa ngazi. Jumapili tarehe kumi na nane, anaandika, "nitamkabidhi mwanangu shamba." Shamba la matufaha, pamoja na nyumba ya kando ya mto! Mzee hana mtoto wa kiume. Ana mabinti wawili tu. Kwa hiyo mwanangu ni mkwe. Na wakwe tuko wawili.

Mpango: nipate funguo, kisha nitangaze kwamba nimeacha kazi kwa hiari yangu ili kuitumikia familia. Uongo utageuka kuwa sadaka.

Getini mzee amenikumbatia. "Karibu, mwanangu." Nimeandika: mimi 1.

Jumapili, 11 Mei

Mpinzani. Kaoa dada mkubwa wa mke wangu, kwa hiyo ni mwanyumba wangu, kwa hiyo ni adui. Wote wanamwita Gogo kwa sababu hukaa palepale na hasemi kitu. Amefanya kazi shambani humu miaka kumi na tano. Mikono kama mizizi. Nilimuuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, ana mipango gani na Jumapili ijayo. Alifikiri kwa muda. Akasema kutakuwa na jua.

Mjanja huyu!

Hesabu ya kuitwa mwanangu leo: mimi 3, Gogo 1, mbwa wa mzee 2. Sikutegemea mbwa.

Jumanne, 13 Mei

Nimeteremka mjini kujielimisha. Barabara zote zinashuka mtoni, na kila balkoni ina makreti. Mbele ya halmashauri wamejenga tufaha la saruji kubwa kuliko gari. Hapa watu hawaulizani habari za nyumbani. Wanaulizana habari za miti.

Nimekaa kwa kinyozi saa nzima. Nilimwambia nataka kuonekana mtaalamu kufikia jioni. Hakushtuka; alisema wateja wake wengi wana shida hiyo. Mtaalamu, alinieleza, hasemi sana. Anasimama mbele ya mti, anagonga shina mara mbili, anasema "Hm." Akiulizwa, anasema mwaka huu utazaa.

Jioni tulitembea shambani, familia nzima. Nikachagua mti mrefu kuliko yote. Nikagonga mara mbili. Hm. Nikasema huu mwaka huu utazaa.

Shemeji, dada yake mke wangu, alicheka hadi akashika mti wenyewe. Ni mti wa kukinga upepo. Haujazaa tangu dunia iumbwe. Baba mkwe alinitetea: alisema si vibaya kuutia moyo.

Kinyozi amenikata vibaya vilevile. Kisogo changu kimeungua na jua.

Jumatano, 14 Mei

Nimemkamata! Nilikuwa nimejificha nyuma ya ghala kwa shughuli ya upelelezi. Gogo yuko juu ya ngazi, anachuma matufaha mabichi, madogo kama gololi, anayatupa chini. Si moja wala mawili. Mamia! Matunda mazima yasiyo na kasoro. Na uso wake umetulia kabisa, kama mtu anayepiga mluzi moyoni.

Ni hujuma. Anaangamiza mavuno ili mzee aone shamba halina faida, amwachie kwa huruma. Nimeokota ushahidi, ndoo mbili. Mgongo hausemi nami.

Mke wangu aliniuliza nafanya nini chini ya miti kwa magoti. Nilimwambia nanyoosha viungo. Akasema, "Endelea, mume wangu." Huniita "we bwana" kukiwa na amani. "Mume wangu" ni tahadhari. Sijui ya nini.

Alhamisi, 15 Mei

Siku ya aibu, ingawa si yangu peke yangu.

Mama Mwenyekiti wa ushirika wa wakulima alikuja kula chakula cha mchana. Nikaona: shahidi wa nje, tena mwenye cheo! Nilisubiri supu igawiwe. Nikasimama, nikasema kuna nyoka katika familia hii, nikamwaga ndoo ya kwanza mezani. Matufaha yalikimbia kila upande. Moja liliogelea kwenye bakuli la Mama Mwenyekiti.

Gogo alitazama ushahidi, akaendelea na mkate.

Mama Mwenyekiti alitoa tufaha kwa kijiko, akaliweka kando, akaniuliza kwa upole nimelima miaka mingapi. Kisha akanifundisha kama anavyofundishwa mtoto wa chekechea. Kishada kimoja hutoa matunda matano. Ukiyaacha yote, unavuna gololi. Ukiacha moja, linakuwa kama ngumi. Kila mkulima bondeni anafanya hivyo mwezi huu. "Na kazi yenyewe, baba, inaitwa kupunguza."

Kupunguza! Nikauliza, kwa sauti iliyotoka juu kuliko nilivyokusudia, kwa nini lipunguzwe hili na si lile. Lilifanya kosa gani? Nani alilisikiliza?

Wote walinitazama. Mke wangu alinisogezea glasi ya maji.

Hesabu: sikuitwa mwanangu leo. Gogo 2. Mbwa 1, baada ya kula ushahidi ulioanguka.

Ijumaa, 16 Mei

Sikulala vizuri, lakini nimeamka na wazo. Nitapunguza mwenyewe! Mzee akiona nimejifunza ndani ya siku moja, mambo yamekwisha.

Nimechagua mtufaha wa karibu na geti. Ndio anaoupenda mzee kuliko yote. Matunda yake ndiyo yanayopelekwa kwenye maonyesho ya ushirika kila mwaka. Wote walikuwa wamekwenda kusafisha mfereji wa maji. Saa tatu nzima juu ya ngazi, bila msaada, tai nimeirushia begani.

Gogo huacha kubwa na kutupa madogo. Nilifikiri sana juu ya hilo. Kubwa limekwishapata kila kitu: jua, maji, nafasi ya mbele. Dogo halijapewa hata fursa. Ofisini kwetu pia walibaki wanene. Basi nikafanya haki. Nimeondoa kila tufaha lililojitanua, nikabakiza yale manyonge, yale ya nyuma, yaliyojikunyata. Yalionekana kushukuru.

Baba mkwe alirudi kwa fimbo yake polepole. Alisimama chini ya mti. Aliokota moja, akaokota jingine. Akakaa juu ya ndoo. Nilishuka, nikangoja sifa. Alinishika bega, akatikisa kichwa, akasema, "Mwanangu. Mwanangu. Mwanangu."

Tatu kwa mpigo mmoja! Hakuna aliyewahi kupata tatu.

Jumamosi, 17 Mei

Hali nyumbani ni ya ukimya, kama inavyostahili kabla ya tukio kubwa. Shemeji ameficha ngazi. Mama Mwenyekiti alipita, akautazama mti wa getini, akavua kofia.

Nimepiga pasi shati. Nimeandika hotuba. Nimeijaribu kando ya mto, mbele ya maji, ambayo hayakuonyesha kupinga. Nitaanza na unyenyekevu, nifike kwenye sadaka, nimalizie na maono ya miaka ishirini.

Nimekwenda pia kuitazama nyumba. Vyumba vitatu, dirisha la jikoni linatazama mto. Hakuna benchi popote. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Ni lazima nipate. Sina mahali pengine pa kwenda asubuhi.

Jumapili, 18 Mei

Naandika nikiwa nimejifungia ghalani. Nitaeleza kwa utaratibu, bila hasira.

Meza uani. Familia, Mama Mwenyekiti, majirani kama kumi. Mzee alisimama na funguo mkononi. Alisema magoti ni ya kwake lakini miti si ya kwake peke yake. Alisema amefikiri sana. Kisha: "Mwanangu, njoo uchukue."

Nikasimama. Mbwa akasimama. Gogo hakusimama, nilimwonea huruma. Nikanyoosha mkono, na kwa kuwa macho yote yalikuwa kwangu, nikaanza hotuba papo hapo. Nikasema kwa ajili ya familia hii, na kwa hiari yangu kamili, nimeiacha kazi yangu ya mjini.

Mke wangu alipita chini ya mkono wangu, akachukua funguo.

Mzee akambusu kwenye paji la uso. Mwanangu! Nilimwambia baba mkwe, kwa heshima zote, kwamba kuna utata katika matumizi ya neno. Alishangaa. Aliuliza utata gani, huyu si mwanawe? Alimzaa yeye na marehemu mkewe, jirani yule pale ni shahidi.

Nikamgeukia mke wangu, nikaanza tena sehemu ya sadaka. Aliniambia, mbele ya watu wote, bila kupandisha sauti: "Hukuacha kazi. Ulipunguzwa. Kaa chini, mume wangu."

Hata mbwa alikaa.

Wa kwanza kusema alikuwa Gogo. Alisogeza kiti chake. "Mwanyumba, kaa huku. Kuna kivuli."

Mke wangu amenifuata ghalani. Kumbe alijua tangu Jumatatu ya kwanza: hakuna mtu anayetoka ofisini na nyasi kwenye makalio ya suruali. Wiki ileile alimwandikia baba yake, akaomba shamba. Alipanda ngazi hizi kabla hajajua kusoma. Alimuuliza Gogo kwanza. Gogo alisema yeye anataka miti, hataki funguo, kwa sababu funguo huja na vikao. Kumbe yote yaliamuliwa kabla sijafunga sanduku!

Nilimuuliza kama amekasirika kwa sababu ya kazi. Alisema kazi huja na kwenda. "Nimekasirika kwa sababu ya mashati. Wiki tatu nzima nakupigia pasi mashati ya kwenda kukalia benchi. Ungeniambia, ningekuja na chai, tukakaa wote."

Hilo halikuwemo katika hotuba.

Jumatatu, 19 Mei

Saa kumi na mbili asubuhi. Siku yangu ya kwanza kazini. Mkuu wangu wa kazi ni Gogo. Mkuu wa Gogo ni mke wangu. Chini yangu yuko mbwa, ingawa suala hilo bado linajadiliwa. Kazi yangu ni kubeba makreti matupu kutoka upande mmoja wa ghala hadi mwingine. Siruhusiwi kugusa mti wowote wenye matunda. Ule wa kukinga upepo naruhusiwa.

Kabla sijaanza, mke wangu alinisimamisha mlangoni. Anataka ahadi moja tu. Mwezi mzima bila wazo. Nisibuni, nisirekebishe, nisishauri. Nikimaliza mwezi salama, tunahamia wote nyumba ya mtoni. Nisipomaliza, atahamia yeye, na mimi nitabaki hapa ghalani na makreti. Macho yake hayakuwa ya utani. Gogo alikuwa shahidi.

Niliahidi kwa moyo wangu wote. Nilimaanisha. Karibu nilie.

Saa mbili nilipumzika kando ya mfereji. Nikaona jambo. Maji ya mto huja kwa zamu: asubuhi shamba letu, mchana la jirani. Kinachotenganisha ni kibao kimoja tu cha mbao. Kukisogeza ni kazi ya vidole viwili. Nusu saa zaidi kila siku, na mitufaha yetu itamshinda kila mtu bondeni. Mke wangu atashangaa. Mzee atapona magoti. Jirani anazeeka, hana saa.

Lakini ahadi ni ahadi. Nimeipitia neno kwa neno. Alisema mwezi mzima. Hakusema unaanza lini. Na mwezi mzima, kwa mtu yeyote mwenye elimu, huanza tarehe mosi.

Nina siku kumi na tatu.