Marubani Wamepungua, Morali Imepanda

Shirika letu la ndege, Tai wa Nyanda, lina furaha kuutangazia umma kwamba limefanikiwa kupunguza marubani mpaka wa mwisho, na morali ya wafanyakazi imepanda kwa kiwango ambacho hakijawahi kuonekana angani wala ardhini. Naandika haya nikiwa Mkurugenzi wa Morali, cheo kilichoanzishwa mara tu shirika lilipogundua kwamba uchumi umeyumba na halina uwezo wa kuajiri watu wengi.

Wapo wapiga domo pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, wanaosema tumewafukuza marubani. Si kweli. Tumewaachia anga. Kufukuzwa ni kufukuzwa tu. Kuachiwa anga ni kufukuzwa kwa keki.

Keki ya kwanza aliikata Kapteni Saida, binti wa Bi Mwanakhamisi muuza vitenge. Hata baada ya hapo, kila ndege yetu ilipopita juu ya Mbeya, Bi Mwanakhamisi alitoka dukani akaipungia mkono. Binti yake alikuwa hajapata moyo wa kumwambia kwamba hayumo tena ndani. Mimi nilimwona mama huyo kwa macho yangu, nikaripoti kwenye bodi kwamba morali imeshafika ngazi ya familia.

Kisha tukaandaa Semina ya Morali mjini Iringa. Saida tulimwalika atoe neno la shukrani kwa niaba ya walioachiwa anga. Alisimama, akashika kipaza sauti.

"Nashukuru kwa keki," alisema. "Ila Kapteni Andendekisye sasa anarusha safari zote peke yake. Juzi nilimpigia simu, akasinzia katikati ya salamu. Naomba, jamani, msimpandishe na watu hewani akiwa hivyo. Mtaua."

Mkurugenzi Mkuu, Mheshimiwa Liberatus, alipiga makofi, nasi tukapiga. "Amezungumza kwa hisia," alisema, akatangaza chakula.

Baada ya chakula viongozi tulielekea uwanja wa ndege. Mbeya kulikuwa na kikao cha dharura cha kuidhinisha ajira za wasaidizi wawili wa Mkurugenzi wa Morali. Tulipanda ndege, tukafunga mikanda. Chini ya ngazi alibaki Kapteni Andendekisye, kofia mkononi, macho mekundu kama pilipili.

"Mheshimiwa, sirushi," alisema. "Mwili umekataa."

Liberatus akachungulia mlangoni. "Kapteni, hiyo ni changamoto ya mtazamo."

"Ni usingizi, bosi."

"Mkurugenzi wa Morali, mshughulikie."

Nikashuka nikamwelekeza aruke mara tatu huku akisema "Naweza!" Andendekisye ni Mnyakyusa aliyelelewa akaleleka, hawezi kumkatalia mgeni wala mkubwa mara mbili. Akaruka. Mara ya tatu akaegemea tairi la ndege, akalala hapohapo, amesimama.

Liberatus alimwachisha kazi palepale kwa kosa la kuhujumu morali. Uamuzi huo ulimaliza kabisa tatizo la rubani mchovu. Tukarudi kwenye viti vyetu, tukaangalia mbele kwa matumaini. Baada ya muda mrefu, Mwenyekiti wa Bodi, Mzee Gideoni, akauliza mbona hatuondoki.

Kupitia mlango uliokuwa wazi tulimwona Saida, ambaye alikuwa amekuja kumtazama mwenzake. Alimshika Andendekisye begani. "Twende kaka, shangazi yangu anakaa hapa mjini. Ukaoge, ulale."

Liberatus akashuka ngazi mbiombio, tai imegeukia mgongoni. "Saida, mwanangu! Umerudishwa kazini kuanzia sasa! Tutakununulia keki nyingine!"

Saida alimtazama kama anayeangalia mbuzi aliyeingia msikitini. "Mheshimiwa, Jumatatu naanza kurusha ndege ya mgodi kule Makongolosi. Leo jioni nampigia mama, nimwambie ndege ya kupungia ni ipi." Akamwingiza mwenzake kwenye teksi, mlango ukafungwa.

Mabasi ya kwenda Mbeya yalikuwa yamejaa. Tukapata Fuso la vitunguu la dereva mmoja aitwaye Masumbuko, nasi tukakaa juu ya magunia, suti na yote. Baridi ya Makambako ilitupiga hadi Mzee Gideoni akajifunika bango la semina.

Mbele kidogo gari likapandishwa kwenye mizani ya barabara kuu. Mpimaji akatikisa kichwa: limezidi. Punguza uzito au rudi ulikotoka.

Masumbuko akatuangalia. Akaangalia magunia. Akatuangalia tena.

"Wazee wangu, shukeni."

Liberatus akasimama juu ya vitunguu. "Kijana, umetumia vigezo gani? Sisi ni uongozi wa juu wa shirika!"

"Sikatai, bosi. Ila vitunguu vina mtu anavisubiri."

"Na sisi je?"

"Mnasubiriwa na nani?"

Mzee Gideoni akakunja bango lake. Tukashuka mmoja mmoja kwa kufuata vyeo, Mkurugenzi Mkuu akitangulia, mimi wa mwisho, tukasimama kandokando ya lami tukinuka vitunguu.

Gari likapita mizani bila tatizo. Kwa jinsi lilivyoondoka, jepesi, dereva akipiga mluzi mkono mmoja nje ya dirisha, ninalazimika kuthibitisha, kama mtaalamu, kwamba morali yake ilikuwa juu sana.