Viti Nilivyomtolea Kamba

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya mtaa mzima, na mzee wa kanisa akiwa shahidi. Nasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana hapa Tunduma mpakani habari ikivuka asubuhi, jioni inarudi imenenepa.

Mnajua baba anakaa kwangu tangu mama afariki. Tulimtoa kijijini Itaka kwa sababu ya presha, na kwa sababu alikuwa ameacha kula. Alikuja na sanduku moja kubwa. Tukadhani ni nguo zake. Kumbe ni za mama, zote, mpaka kandambili. Yeye mwenyewe alikuja na suruali aliyovaa na nyingine kwenye mfuko wa plastiki. Mama mdogo wa Msangano, mdogo wake marehemu, amepiga simu mara mbili kuuliza lini tutagawa nguo kama desturi ilivyo. Baba anajibu, "Bado." Halafu hasemi neno lingine mpaka jua linazama.

Aliyemfungua mdomo ni kamba. Naam, kamba wa baharini, yule mwenye miguu mingi na ndevu.

Jirani yangu Bakari ni dereva wa lori. Alileta tangi dogo la kioo kutoka Dar kwa ajili ya mwenye nyumba ya wageni mmoja, ambaye alighairi akataka televisheni. Basi nikaachiwa mimi: tangi, madumu ya maji ya bahari, konokono wawili na kamba mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni. (Njiani askari alimuuliza Bakari madumu yana nini. Akajibu ni maji ya bahari. Askari akaona anafanywa mjinga, akaonja. Bakari anasema hajawahi kuruhusiwa kuondoka haraka namna ile.)

Baba alivuta kiti siku ileile. Akamwita yule kamba Mgeni, kwa kuwa katoka mbali na hakuja kwa hiari yake. Kila asubuhi anamsalimia kwa Kinyiha, anamweleza kahawa ya Itaka ilivyokuwa zamani, nani aliuza shamba, nani alioa vibaya. Mgeni anapunga ndevu. Mke wangu aliwahi kuuliza kitoweo kile kitakomaa lini, baba akamnunia mpaka chakula cha usiku.

Kazi ya kumtunza ikawa yangu. Mimi nauza vipuri vya pikipiki. Kuhusu bahari najua tu kwamba iko upande wa Dar. Nikajiunga na kundi la wafugaji wa samaki mtandaoni nikaanza kuuliza maswali. Je, chumvi ya Ivuna inafaa? Niliisifia sana, nikaeleza inavyotoka huku kwetu kwenye chemchemi. Wakanijibu inafaa sana kwenye maharage. Je, kamba anasikia baridi ya Tunduma? (Hili walilisifu. Nikaambiwa ninunue kifaa cha kupasha maji.) Umeme ukikatika nimpepee? Wakasema nikoroge maji taratibu kwa kikombe ili apate hewa. Nimekoroga, jamani. Nimesimama sebuleni nikikoroga kama ninayepoza uji wa mtoto, na baba akinielekeza nisimpige Mgeni kichwani.

Jibu moja tu sikulisoma vizuri. Walisema maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji ya kawaida yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haipai na mvuke, inabaki humohumo. Jana jioni nikaona maji yamepungua. Nikaongeza ya chumvi, ya kutosha, kwa upendo.

Leo asubuhi baba kapanda bajaji kwenda kupima presha. Mimi nikachungulia tangi. Mgeni alikuwa amelala ubavu juu ya mchanga, amefifia mpaka unamuona upande wa pili, miguu yote imekunjwa. Nikagonga kioo. Kimya. Hapo ndipo nikalikumbuka lile jibu.

Sikumlilia kamba, tusidanganyane. Niliona baba anarudi, anavuta kiti chake, hana wa kumsalimia, na tunarudi kulekule kwenye "bado" na ukimya. Na aliyemuua ni mimi.

Nikaandika kwenye kundi: "Kamba wangu amekufa, amekuwa mweupe, nimekosea wapi?" Nikaiweka simu kwenye chaji chumbani. Nikamtoa marehemu kwa kijiko, nikamfunga kwenye leso safi.

Mke wangu akasema, "Mwambie tu kwamba amekufa."

"Mtu mwenye presha haambiwi tu."

"Kwa kamba?"

Lakini nyie mnajua habari ya kifo kwetu haikabidhiwi mkononi kama chenji. Mtu anaulizwa kwanza habari za safari, anakalishwa, anapewa maji, mzee anakohoa kidogo, ndipo anaambiwa. Nikaenda kwa Mzee Simbeye, mzee wa kanisa, ambaye baba humsikiliza. Nikamweleza ukweli wote, leso mkononi. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Aliitazama ile leso kwa muda, akasema, "Kwa hali aliyonayo baba yako, hilo si jambo la mtu mmoja. Ngoja nivae koti."

Akavaa koti. Akachukua na Biblia. Tukatembea mtaani taratibu, mimi nimeinamisha kichwa, yeye kanishika bega. (Sasa jiwekeni kwenye nafasi ya jirani anayechungulia dirishani.)

Tulipofika akasema sebule ina joto, baba yako akirudi apate hewa kwanza, hebu toa viti nje.

Nikatoa viti.

Mke wangu alinitazama kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Baba Nuru, unajua unachokifanya?"

Sikujua. Nilikuwa natafuta kivuli cha kuvipanga vizuri.

Aliyetangulia kuingia ni Mama Sara wa nyumba ya pili, kitenge kiunoni, beseni la unga kichwani. Hakuuliza kitu. Msibani huulizi, unaingia jikoni. Nyuma yake wakaja wanawake wengine na kuni, halafu wanaume wawili na benchi. Wakanipa mkono mmoja mmoja. "Pole sana, baba." Nikasema asante. Kila nilipofungua mdomo nieleze, mtu mwingine alikuwa ananikumbatia. Mtu akawasha moto uani. Mzee Simbeye alikaa wima kwenye kiti, anaitikia salamu kwa sauti ya chini, na ile sauti yake ndiyo ilizidi kuniharibia.

Ndipo bajaji ya baba ikasimama.

Akaona koti la Mzee Simbeye, viti, moshi, wanawake wamejifunga vitenge. Mguu mmoja ulishuka, mwingine ukabaki ndani. Uso wake ulibadilika, nikaogopa kweli. Ana mdogo wake Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ambaye ni mgonjwa tangu Pasaka.

"Ni mdogo wangu?"

"Hapana, baba. Ingia ndani kwanza ukae."

"Usinikalishe. Ni nani?"

Watu wote wakanyamaza wasikie, maana hata wao walikuwa hawajui.

"Ni Mgeni," nikasema.

"Mgeni gani?" akauliza Mama Sara.

"Kamba," nikasema. "Wa kwenye tangi."

Baba alishusha ule mguu wa pili, akapita katikati yetu, akaingia sebuleni. Mimi na Mzee Simbeye tukamfuata. Dirishani palijaa vichwa.

Baba akakaa kwenye kiti chake mbele ya kioo. Nikafungua leso nikampa, nikamwambia ni mimi niliyezidisha chumvi, anisamehe. Akampokea Mgeni kwenye kiganja. Akamgeuza kwenye mwanga. Mzee Simbeye akakohoa. "Tuombe," akasema, tukafumba macho. Akamshukuru Mungu kwa viumbe vya nchi kavu na vya majini, na kwa faraja inayotoka tusikoitarajia, na alikuwa ndio kwanza anapata moto.

"Mzee Simbeye," baba akasema, "usiseme amina kwanza."

Tukafumbua macho. Nyuma ya jiwe zilikuwa zimetokeza ndevu mbili nyeupe. Zikapunga. Kisha kikachomoza kichwa chekundu, chekundu kuliko jana, kikatutazama kwa hasira ya mtu aliyekutwa anaoga.

Baba akalifinya lile alilokuwa nalo kiganjani. Likalia kama ganda la karanga. Lilikuwa tupu, limepasuka mgongoni, kila mguu na soksi yake.

"Kavua gamba," akasema. Akaanza kucheka. Mabega kwanza, halafu tumbo, halafu sauti. Alicheka mpaka machozi, mpaka Mzee Simbeye naye akashikilia kiti. Sijamsikia baba akicheka tangu tulipomzika mama. Mke wangu alikuja mbio kutoka jikoni akidhani presha imepanda, akabaki mlangoni, naye analia.

Nilikwenda kuchukua simu. Watu wa kundi walikuwa wamejibu kitambo: "Huyo hajafa. Kamba huvua gamba akikua, au maji yakibadilika ghafla, halafu hujificha mpaka ngozi mpya ikaze. Umeangalia nyuma ya jiwe?" Jibu lilikuwa limeingia kabla Mzee Simbeye hajafunga kifungo cha koti.

Nilitoka nje kuwaambia watu hakuna msiba. Mmoja wa wale wa benchi akauliza, kwa utaratibu kabisa, "Kwa hiyo aliyekufa ni nani?" Nikasema hakuna. Akauliza, "Na unga?" Mama Sara akasema unga uliokwenda msibani haurudi nyumbani, ni mkosi, hata kama marehemu amefufuka. Maji yalikuwa yameshachemka. Basi wakasonga ugali.

Baba akatoka akakaa nao. Mtu ambaye tunambembeleza kula kijiko kimoja kimoja alikula ugali wa msiba wake mwenyewe akaongeza. Lile gamba alikuwa ameliweka gotini juu ya leso. Watoto wakaja kuliangalia, akawaonyesha mahali macho yalipokuwa.

Watu walipoanza kuondoka akaniita.

"Ulitaka kulipeleka wapi hili?"

"Kulizika, baba."

Akalitazama. "Hamna mtu humu," akasema polepole. Kisha akanyamaza, nikadhani ndio ule ukimya wake umerudi. "Mpigie mama yako mdogo. Mwambie aje Jumamosi achukue zile nguo. Kitenge cha bluu nabaki nacho mimi."

Niliingia chumbani nikapiga simu. Mama mdogo aliuliza kimetokea nini mpaka shemeji yake akubali. Nikamwambia nitamweleza akija, maana ningeanzia wapi.

Nimeongeza maji yasiyo na chumvi. Mgeni anatembea. Baba anamsimulia alivyoombewa.

Nawaomba msinicheke. Na anayeona lazima aje kunichekea nyumbani, abebe kiti chake. Vya kwangu nimevirudisha ndani.