Joto la Bure la Mama Kivuko

Mtaalamu aliwaona abiria wakishuka kwenye boti huku wanatetemeka, meno yakigongana, na papo hapo akajua siku yake imefika. Watu wengine wakimwona mtu anatetemeka humwonea huruma. Yeye aliona wateja, akakunja mikono ya shati na kuteremka gatini.

Jina la Mtaalamu alijipa mwenyewe. Hakuna chuo kilichohusika. Mali yake ilikuwa suruali moja ya pasi, ulimi wa kumtoa nyoka pangoni, na godoro jikoni kwa dada yake. Juu ya godoro hilo shemeji alikuwa ameshatoa kauli: mwisho wa wiki litoke, na aliyelilalia atoke nalo. Mtaalamu alikwishaona chumba cha kupanga karibu na soko, chenye dirisha na kufuli. Alichokosa ni pesa tu.

Boti ilikuwa ya Mama Kivuko, mjane mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimkuta akipangusa injini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tunaondoka saa kumi."

"Sisafiri. Nimekuja kukupa pole. Injini yako inachemsha maji kutwa, halafu joto lote linaishia ziwani. Samaki wanaota moto, abiria wako wanaganda."

"Kumbe."

"Mimi nakufungia hita kwenye kibanda cha abiria. Maji ya moto yanatoka kwenye injini, yanapita kwenye kisanduku chenye rejeta ndogo, feni inapuliza, abiria wanapata joto, maji yanarudi zake. Mafuta huongezi hata tone. Joto la bure, mama."

Hapa inabidi nieleze jambo la kusikitisha: kila neno alilosema lilikuwa kweli, naye hakujua. Alidhani ametunga uongo mtamu kuliko wote wa maisha yake, na kifua kikamjaa fahari. Kisanduku chenyewe alikuwa amekiona kwenye gari bovu, uwanja wa vyuma chakavu, kikiuzwa pamoja na mipira yake kwa bei ya kutupa.

"Mimi mambo haya siyajui," alisema Mama Kivuko, ambaye injini ile alikuwa akiifungua na kuifunga mwenyewe miaka nenda rudi. "Nusu ya pesa nitakupa ukishafunga. Nusu nyingine joto likitoka."

Mtaalamu alitaka zote mkononi. Alibembeleza, akaapa, akamsifia hata miwani. Mama Kivuko aliendelea kupangusa, na mwishowe Mtaalamu akakubali.

Kesho yake alifunga hita huku mama amekaa kwenye ndoo nyuma yake, anauliza maswali ya kijinga.

"Huo mpira si ungeanzia pale juu, maji yanapotoka moto? Nauliza tu."

"Ndiko nilikokuwa naelekea, mama."

"Na huu wa kurudi, si ungeingia karibu na pampu?"

"Umeyasoma mawazo yangu."

"Na hiyo klipu, inabana au imepumzika?"

Mtaalamu akaikaza mpaka jasho likamtoka. Injini ikawashwa, feni ikaguruma, na kisanduku kikapuliza baridi kali kuliko ya nje. Aliweka mkono, akautoa haraka.

"Baridi," alisema Mama Kivuko kwa upole.

"Ni kawaida, mama. Joto likiwa geni huwa na haya. Kesho litakuwa limezoea."

"Basi chukua nusu yako. Nyingine kesho."

Mtaalamu alipokea, akaaga kwa adabu, akapinda kona ya ghala, kisha akatoka nduki.

Mama Kivuko alimsubiri apotee kabisa. Akachukua bisibisi, akalegeza klipu ya mpira uliokaa juu kuliko yote. Hewa iliyonaswa ndani ikatoka, pfff, yakafuata maji. Akaikaza, akaongeza maji kwenye injini, na muda si muda kibanda kikawa cha kumvua mtu koti.

Mwenye chumba cha karibu na soko hakutaka kusikia habari ya nusu. Na siku ileile ya kutoa godoro, dada alirudi kutoka ng'ambo ya ziwa mashavu yanang'aa.

"Kuna boti ina joto ndani, mdogo wangu. Watu wanagombania nafasi."

Mtaalamu alikaa kitako. Ilimuuma sana: amedanganya maisha yake yote, na siku aliyosema kweli, akakimbia.

Alifika gatini jioni na godoro kichwani. Abiria wa mwisho walikuwa wanashuka, injini bado inanguruma.

"Mama, nimefuata nusu yangu."

"Ile ilikuwa ya fundi atakayetoa joto. Nimeshajilipa."

"Kwani ulijua mimi tapeli?"

"Fundi wa kweli asingeondoka bila pesa yake yote. Mimi nilihitaji mtu wa kukimbia."

Mtaalamu akatua godoro chini. Akaeleza habari ya shemeji, safari hii bila sukari yoyote. Mama Kivuko alionekana kuingiwa na huruma.

"Basi acha kunidai, na kibanda hiki ulale kila siku, bure. Unilindie boti tu."

Mtaalamu alichungulia ndani. Viti laini, madirisha yana mvuke, joto linambembeleza usoni. Makao ya hivi yalikishinda kile chumba cha sokoni. Maskini mama wa watu, ameingia mkenge. Akampa mkono upesi asije akaghairi, akatandika godoro, akavua koti.

Mama Kivuko alizima injini, akatia ufunguo kwenye mkoba. Feni ikanyamaza.

"Mama, na joto?"

"Joto linatoka kwenye injini, mwanangu. Si wewe uliyenieleza?"