Mashoto wa Mowlem

Jumatatu, 8 Septemba
Bi. Nafula, msimamizi wa wadi yetu ya Mowlem, ametangaza kamati ya ujumuishi. Alhamisi tunachagua mwenyekiti. Sharti: atoke kundi lililoachwa nyuma. Mheshimiwa Kweyu, mwenye kibanda cha fotokopi! Jina langu likitajwa hivyo linapendeza masikioni.

Mpinzani ni mmoja tu, Muhiba, jirani yangu muuza mahamri, anayetumia kiti cha magurudumu. Ofisi ya wadi ina ngazi mlangoni, kwa hiyo yeye husikiliza mikutano akiwa chini ya dirisha. Anadai njia ya mteremko miaka yote. Kaunti ilileta kokoto. Kokoto zimeota nyasi.

Nimejichunguza kutwa. Nimeachwa nyuma na nani? Mke wangu Khavere amejibu: “Na kila mtu.” Hakunisaidia.

Jumanne, 9 Septemba
Nimepata! Mashoto! Nani amewahi kuwatetea? Hata mikasi imetengenezewa wenzao. Mimi si mashoto, lakini nani atajua? Nimeshinda nikifanya mazoezi ya kukata kwa kushoto. Mteja mmoja ameondoka na picha ya pasipoti isiyo na sikio.

Halafu nikaanza kutaka kujua kwa dhati. Mashoto hupigaje mswaki? Nimejaribu. Fizi zinauma.

Alhamisi, 11 Septemba
Nilijieleza vizuri mno. Bi. Nafula akasema suala la mashoto litapelekwa makao makuu lizingatiwe. Ushindi huo!

Kisha chai. Muhiba akakataa katakata kupitisha mahamri dirishani. Anayetaka atoke nje. Mkutano mzima ukatoka!

Mzee Twalib, fundi seremala, akanikaribisha mahamri. Nikanyoosha mkono wa kushoto, watu waone. Akayarudisha kwenye sinia. Akasema yeye ni mashoto tangu azaliwe, msumeno kushoto, randa kushoto, lakini chakula hupokea kwa kulia, kama alivyofunzwa na mamake. Akaniuliza mimi nililelewa wapi. Aibu! Nikapokea kwa kulia.

Kura ikapigwa palepale nje, kwa kuinua mikono. Muhiba kapita bila kupingwa. Hata mkono wangu ulikuwa juu. Nilikuwa naomba chai.

Jumamosi, 13 Septemba
Mwenyekiti mpya hakungoja kaunti. Mzee Twalib kaleta mbao za njia ya mteremko. Muhiba akanipa nyundo mbele ya watu: “Kweyu, si wewe ni mashoto? Haya, gonga basi.”

Ningekataaje? Msumari wa kwanza uliingia. Wa pili ulikuwa kidole gumba changu cha kulia. Mayowe yangu yalisikika hadi mtaa wa Umoja.

Muhiba akapanda mbao taratibu, akaingia. Akatazama pande zote. Miaka yote hiyo alizijua sauti zetu tu. Akauliza yule anayekoroma mikutanoni hukaa wapi. Wote tukamtazama Bi. Nafula.

Machozi yalinitoka. Nilisema ni kidole.

Jumatatu, 15 Septemba
Mkono wa kulia umefungwa bendeji hadi kwenye kifundo. Daktari ameukataza kazi yoyote. Hata haya naandika kwa kushoto, na mwandiko si mbaya hata kidogo.

Hebu ngoja. Basi sasa mimi ni mashoto halisi! Nani atabisha? Kesho asubuhi namwona Bi. Nafula. Uchaguzi urudiwe.