Boksi la Bila Breki

Habari ilikuwa kwenye simu ya Kinyozi: mwendesha baiskeli mmoja kashuka kwenye ndege, kakuta baiskeli yake imekunjika kama miwani. Na asubuhi hiyohiyo Fundi Spoki alikuwa amemaliza kufungasha kwenye boksi baiskeli ya mpwa wake, binti tunayemwita Bila Breki, anayeruka saa tisa kwenda kwenye mashindano ya kuchagua timu ya vijana. Nafasi yake ya mwisho hiyo, maana mwakani umri haumruhusu tena.

Basi kibarazani kwa Fundi hapakukalika.

"Wapagazi wa uwanja wa ndege hawana huruma," akasema Kinyozi. "Mzigo wako wanaurusha huku wanapiga soga."

"Kwangu hawafui dafu," akajibu Fundi. Akatueleza: pedeli katoa, usukani kaulaza, tairi kazipunguza upepo, na kwenye uma wa mbele kabana kipande cha mti usije ukabonyea. Fremu kaivika mablanketi mawili, moja la mkewe, ambaye bado hajajua.

Kifungu, karani mstaafu anayejua sheria ya kila kitu isipokuwa ya kurudi nyumbani mapema, akasema boksi bila maandishi makali ni bure. Akachukua kalamu nene akaandika mwenyewe: CHOMBO CHA KUVUNJIKA. MARUFUKU KUKALIA.

Tukaanza kubishana. Kinyozi alitaka wapagazi wafukuzwe wote, mimi nikataka wasomeshwe, Kifungu akataka wafungwe kwanza halafu wasomewe mashtaka. Ikapita saa nzima. Mtu wa kijiweni hawezi kumsema mpagazi saa nzima kasimama, na benchi lilikuwa limejaa spana.

Gari la kukodi likasimama, akashuka Bila Breki.

"Shikamooni. Baiskeli yangu iko wapi?"

Tulitazamana, wanaume wanne wazima, Fundi mwenyewe akiwemo, kisha tukainuka mmoja mmoja kutoka juu ya boksi. Kifungu alikuwa amekalia mwandiko wake.

Fundi alilifungua. Binti alikuwa anauma mdomo asilie, nami nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Spoki mbili zilikuwa zimekatika. Lakini fremu ilikuwa nzima, na uma mzima. Kipande cha mti kiliuokoa. Fundi akabadilisha spoki bila kuinua uso, akafunga upya.

Halafu, kwa kuwa hana haya, akakohoa kidogo. "Umeona, mama? Tulikuwa tunalijaribu tu. Fundi mzuri hukagua kazi yake."

Bila Breki akalibeba boksi mwenyewe, akalitupa nyuma ya gari likalia pu.

"Taratibu, mwanangu," akasema Kifungu. "Wapagazi wakiona hivyo nao watarusha."

"Warushe tu, baba. Kwa ilivyoponea hapa kwenu, huko inakwenda kupumzika."