Kisogo cha Baba Mkwe

Alhamisi, 6 Machi

Wanakuja! Nilikuwa nampaka mteja poda shingoni mke wangu alipotoka ndani mbio na simu mkononi. Baba mkwe na mama mkwe wanafika kesho, watakaa hadi Jumapili jioni, na wanataka kutembezwa mji. Halafu akanivuta pembeni, akashusha sauti. Baba anakuja pia kuamua ni mkwe gani atasimama kusema kwa niaba ya familia siku ya harusi ya shemeji yangu, mdogo wa kiume wa mke wangu.

Wakwe wa kiume tuko wawili tu. Mimi, kinyozi. Na mwanyumba wangu, aliyemwoa dada wa mke wangu: mfamasia, mwenye gari, darubini na kofia ya matembezi. Huyo akiongea ni kama anakueleza vidonge vya kumeza kabla ya kula. Ati ndiye asimame mbele ya ukumbi mzima!

Lakini mzee anampenda. Anamwita mwanangu. Mimi tangu nioe naitwa "huyu bwana". Hata nikiwa nimekaa mbele yake, namwongezea chai, atamwambia mke wangu kwamba huyu bwana inatosha.

Safari hii hapana. Kiongozi wa matembezi ni mimi. Mji huu naujua nje ndani. Sawa, sijafika sehemu nyingi, kibanda hakinipi nafasi. Lakini wateja wangu wamefika, na mtu akishainamishwa kichwa hakuna asilolisema. Nimefunga kazi mapema. Mikono inaniwasha.

Ijumaa, 7 Machi

Wamefika! Mama mkwe na kikapu chake, baba mkwe na nywele zimetimka hadi masikioni. Nilipoziona nikajua Mungu yuko upande wangu. Nikamwambia Baba karibu kitini. Akasema hana haja. Mama mkwe akasema yeye anayo, amechoka kutembea na kichaka.

Nilimnyoa ule mtindo wangu wa wazee, niliouita Mwenyekiti. Pembeni safi, juu kidogo, na kisogoni mstari umenyooka kama rula. Wazee wote wa mtaa huu wanao. Mzee akajitazama kwenye kioo, akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto. Kisha akamwambia mke wangu kwamba huyu bwana ana mkono mwepesi.

Mkono mwepesi! Chakula cha jioni hakikupita, nilikuwa nimeshiba sifa.

Baada ya chakula akaja Mfamasia kusalimia, akajitolea kutupeleka bustani ya wanyama kesho na gari lake. Nilijifanya nafikiria. Kumbe ndiko ninakotaka! Huko kuna kitreni kinachozunguka bustani nzima, na baba mkwe alikuwa mkuu wa stesheni hadi alipostaafu. Hadi leo akisikia honi ya treni anatoa saa mfukoni. Nitampandisha kitreni, nitakaa naye karibu, nitasema yangu yote. Mfamasia aendeshe gari tu. Dereva wangu huyo!

Jumamosi, 8 Machi

Niandike haraka kabla sijafa kwa aibu.

Asubuhi ilianza vizuri mno. Tuliposhuka garini niliwatangulia langoni, nikawapokea kwa hotuba, mikono nyuma, kama mwenye bustani. Tukaanza na mamba. Amelala ukingoni mwa bwawa, mkubwa ajabu. Nikawaeleza kila kitu nilichosikia kitini: kwamba huyu ni mzee kuliko bustani yenyewe, kwamba hajatikisika tangu juzi kwa sababu anavizia, kwamba mtu asisogee hata hatua moja. Watu wengine wakaja kusikiliza. Mama mwenye mtoto mgongoni akarudi nyuma! Nilikuwa nimepamba moto hasa.

Mama mkwe akapita katikati yetu, akaweka kikapu chake juu ya mgongo wa mamba, akafunga kamba ya kiatu.

Mamba wa saruji.

Watu walicheka, na Mfamasia, kwa ile huruma yake inayoniudhi, akasema hata yeye angedanganyika. Baba mkwe alipangusa miwani tu, muda mrefu.

Nikasema haidhuru, kitreni kipo. Anayekiendesha ni mteja wangu, aliniahidi kutuwekea viti vya mbele. Tukafika, watu wamejaa, mteja wangu ananitazama kama hajawahi kuniona. Kila mtu akajipenyeza alipoweza. Mke wangu na mama yake wakaenda behewa la nyuma, Mfamasia na mkewe sijui wapi. Vumbi, kelele, honi. Nikamtafuta mzee.

Hapo ieleweke jambo moja. Mimi sura za watu sizishiki. Kazi yangu iko nyuma ya vichwa. Mteja akinisalimia njiani namwomba ageuke kwanza, ndipo namjua. Na viti vya kitreni hicho vina migongo mirefu, kinachobaki kuonekana ni kichwa tu. Kwangu kinatosha kabisa. Nikaangaza, nikaona Mwenyekiti wangu pale mbele, mstari umenyooka kama rula. Nikaruka kiti cha nyuma yake. Kitreni kikaondoka.

Nikainama sikioni. Nikasema Baba, usigeuke, nisikilize tu, nikikuona usoni maneno yatanikimbia. Nikaanza na Mfamasia. Nikasema ni mtu mwema, sikatai, lakini siku ya kumwombea shemeji posa alisema maneno machache na wageni wawili wakasinzia. Nikasema hotuba mimi ninayo tayari, nimeifanyia mazoezi kwa wateja, mmoja alitokwa na machozi. Kweli alikuwa na sabuni jichoni, lakini hilo sikulitaja.

Kichwa kikatikisika, kukubali. Nikapata nguvu! Ndipo yakanitoka ambayo sikuyapanga. Nikasema Baba, mimi baba yangu alifariki nikiwa mdogo, sikumbuki hata sauti yake. Nilipooa nilifurahi mara mbili, nikasema nimepata mke na nimepata baba. Lakini wewe unaniita huyu bwana, na kila ukiniita hivyo naumia, na naenda kibandani kufagia nywele ambazo nimeshazifagia. Nikasema siku ukiniita mwanangu, hata kama ni kwa kunigombeza, nitashukuru.

Machozi yalikuwa yananitoka, sitaficha. Kitreni kikapiga kona. Kichwa kikageuka.

Mzee Magodoro! Anayeuza magodoro pale kona ya mtaa wetu! Nilimnyoa Jumatano!

Akanitazama kwa upole sana. "Kinyozi," akasema, "mimi sina binti wa kuoza."

Nikataka kuruka. Ndipo nyuma yangu nikasikia mtu anakohoa. Kikohozi kile nakijua. Kimekuwa kikinikatisha maneno mezani tangu nioe.

Sikugeuka. Nilitazama twiga hadi mwisho wa safari. Jioni hii nimejifungia kibandani kusafisha mashine ambayo ni safi. Amesikia yote. Ya Mfamasia pia. Kwisha mimi.

Jumapili, 9 Machi

Sina pumzi ya kuandika taratibu!

Tulikwenda kilimani kutazama mji kutoka juu. Nilikaa kimya njia nzima hadi mke wangu akanishika paji la uso kuona kama nina homa. Juu kuna upepo na mabenchi. Mama mkwe akagawa mayai ya kuchemsha, Mfamasia akagawa darubini. Mzee alipomaliza yai lake akasimama, akasema sasa atatoa uamuzi.

Msemaji ni Mfamasia.

Nililijua, lakini lilinichoma. Nikageuka kutazama mabati ya mji, nikajidai natafuta nyumba yetu. Mzee akaja akasimama kando yangu. Wengine walikuwa wanapeana hongera, hawakumsikia.

"Wewe maneno mazuri unayo, mwanangu," akasema. "Ila unampelekea mtu siye."

Mwanangu! Nimesikia kwa masikio yangu mawili! Nikataka kujibu, ikatoka sauti kama mlango usiotiwa mafuta. Akaniambia amenisikia jana tangu mwanzo, na alitaka kunigusa bega, lakini hakutaka kunikatisha. Akasema yeye kazi yake ilikuwa kutoa amri stesheni, hakuzoea maneno laini, na alidhani mimi ndiye sitaki kuzoewa, maana kila akija namwonyesha mambo badala ya kukaa naye. Kisha akanipa kazi. Asubuhi ya harusi, wanaume wote wa familia watapita kwenye kiti changu, kuanzia bwana harusi hadi yeye mwenyewe. Hataki kinyozi mwingine awaguse.

Nililia pale pale. Nikasingizia upepo. Mke wangu akanipa kitambaa chake bila kuuliza. Mfamasia naye akaja akanikumbatia na kofia yake, akasema bila mimi hii wikendi ingekuwa ya kuchosha. Nilimkumbatia kwa dhati kabisa. Tuliwasindikiza wazee hadi kituoni, na mzee akanipungia mkono dirishani, mimi, mpaka basi likapotea.

Nimeamua. Mbinu basi. Kuanzia leo mimi ni mtu mnyoofu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeamka nikiimba. Mteja wa kwanza nimemhadithia, wa pili nimemhadithia, Mzee Magodoro amekuja mwenyewe kuuliza mambo yameishaje, akanipa mkono.

Halafu nikiwa nafagia, wazo limenijia. Wanaume wote watapita kwenye kiti changu. Wote. Maana yake na Mfamasia.

Sasa tuseme, tuseme tu, mashine ikazima ghafla nikiwa nusu ya kichwa chake. Mashine huzima, hilo linajulikana. Nusu ina nywele, nusu haina, na ukumbi unangoja. Msomi kama yule hawezi kusimama mbele ya watu hivyo. Lazima apatikane mwingine wa kusema, wa karibu, aliye tayari. Na Baba hatakasirika, mimi si mwanawe?

Mfamasia amepiga simu mchana huu. Anaomba nimnyoe wa mwisho, ili hotuba imkute kichwa kimetoka kunyolewa, na amesema ananiamini kama ndugu. Nimemwambia aje bila wasiwasi. Hotuba yangu nimeshaifupisha, nimeongeza na kichekesho cha mamba.